Ahadi ya Mashine: Historia Fupi ya Chatiboti katika Biashara

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza, kwa njia ya historia, namna programu ziitwazo chatiboti zilivyoingia katika shughuli za biashara, manufaa yaliyopatikana kutokana nazo, na hasara zilizowapata wale walioziamini kupita kiasi. Kwa chatiboti tuna maana ya programu ya kompyuta ipokeayo maneno ya mtu, yawe ya kuandikwa au ya kusemwa, na kumjibu kwa lugha ya kawaida kana kwamba nayo ni mtu. Wengi hudhani kwamba jambo hili lilizuka mwaka 2022. Sivyo. Historia yake ni ya takriban miaka 60, na hatuwezi kuyaelewa matatizo ya leo pasipo kurudi nyuma na kuutazama mwanzo wake.

Yamkini msomaji atauliza: kompyuta na biashara zina uhusiano gani na idara ya lugha? Jibu letu ni kwamba chatiboti haipimi sukari wala haibebi magunia. Kazi yake yote ni maneno. Na katika biashara maneno si pambo. Maneno hutaja bei, hutoa ahadi na huwafunga watu. Kwa hiyo swali tunalolishughulikia hapa si kama mashine inaweza kusema. Hilo limekwisha kujibiwa. Swali ni hili: mashine inaposema, maneno hayo ni ya nani?

Kuhusu istilahi, taaluma inayozaa mashine hizi huitwa akili bandia. Tanzania wengi husema akili mnemba, na Kenya magazeti yetu hupenda akili unde. Sisi tutatumia akili bandia, kwa sababu neno hilo lina kumbukumbu yenye manufaa. Mtoto wa bandia ni yule mwanasesere wa kuchezewa. Ana macho, ana uso, na pengine ana nguo nzuri. Lakini anayempa sauti na uhai ni mtoto anayecheza naye. Tutaona punde kwamba mfano huu hauko mbali na ukweli.

Wakala na tajiri wake

Kabla ya mashine kuja, mwambao wetu ulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kusema kwa niaba ya wengine. Dalali aliwakutanisha muuzaji na mnunuzi. Karani aliandika barua za tajiri. Na wakala alipewa mali pamoja na idhini ya kupatana bei mahali ambapo tajiri mwenyewe hakufika. Katika karne ya 19 biashara ya misafara kutoka pwani kwenda bara ilitegemea mikopo. Matajiri wa Unguja, wengi wao wakiwa Wahindi, walitoa vitambaa, shanga na bidhaa nyinginezo kwa makubaliano ya kulipwa baadaye, hasa kwa pembe za ndovu. Miezi mingi ilipita, na pengine miaka, kabla ya msafara kurudi. Katika muda huo wote, kilichowaunganisha watu hawa kilikuwa ni neno, la mdomo au la hati.

Sheria ya Kiislamu, iliyokuwa na nguvu katika mwambao huo, iliyatambua mambo ya uwakala na kuyawekea mipaka. Wakala akipatana na watu katika mipaka ya idhini aliyopewa, mapatano hayo humfunga yule aliyemtuma. Sheria ya Kiingereza iliyokuja pamoja na ukoloni ina kanuni inayofanana na hiyo. Hekima yake ni wazi. Kama tajiri angeruhusiwa kuchukua faida ya maneno ya wakala wake na kuyakana maneno hayo yanapomtia hasarani, hapana mtu ambaye angekubali tena kufanya biashara na wakala yeyote. Tumeitaja kanuni hii mapema kwa sababu tutakutana nayo tena, mbali sana na Unguja.

Eliza, binti wa kwanza

Mwaka 1950 mtaalamu wa hesabu wa Uingereza, Alan Turing, alichapisha makala katika jarida la falsafa liitwalo Mind, akiuliza kama mashine zinaweza kufikiri. Badala ya kubishana juu ya maana ya kufikiri, alipendekeza jaribio: mtu azungumze kwa maandishi na asiyemwona, kisha ajaribu kubainisha kama anazungumza na mtu au mashine. Tangu hapo mazungumzo yakawa kipimo cha akili ya mashine.

Chatiboti ya kwanza kupata sifa ilitungwa na Joseph Weizenbaum katika chuo cha MIT huko Marekani, na maelezo yake yakachapishwa Januari 1966. Aliipa jina la Eliza, kutokana na msichana katika tamthilia ya George Bernard Shaw iitwayo Pygmalion, ambaye hufundishwa kusema kama mabibi wa tabaka la juu. Kazi ya programu hiyo ilikuwa sahili. Ilitafuta neno kuu katika sentensi ya mtu, ikaligeuza kwa kanuni fulani, na kumrudishia kama swali. Mtu akiandika kuhusu mama yake, Eliza ilimwomba aeleze zaidi juu ya jamaa zake. Isipoona neno inalolijua, ilimwambia aendelee tu. Weizenbaum aliipa Eliza nafasi ya tabibu wa nafsi kwa sababu tabibu wa namna hiyo anaweza kuuliza jambo lolote bila ya kuonekana mjinga.

Kilichomshtua si uwezo wa programu bali ni mwenendo wa watu. Katibu wake, ambaye alimwona akiitunga programu hiyo kwa miezi mingi na kujua fika kwamba ni programu tu, alianza kuzungumza nayo na baada ya maneno machache akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Hapa ndipo mfano wetu wa mtoto wa bandia unapotufaa. Eliza haikumwelewa mtu yeyote. Watu ndio waliojaza maana kutoka vifuani mwao. Mwaka 1976 Weizenbaum alitoa kitabu akionya kwamba yako mambo ambayo kompyuta haifai kukabidhiwa, hata kama inaweza kuyafanya, kwa kuwa yanahitaji busara na dhamana ya mtu.

Kutoka maabara mpaka dukani

Kwa miaka mingi baada ya Eliza, chatiboti zilibaki kuwa mambo ya vyuo na ya kuchezea. Wafanyabiashara walianza kuzitumia kwa wingi pale simu za mkononi na mitandao ya ujumbe ilipoenea. Aprili 2016 kampuni ya Facebook iliruhusu makampuni kuweka chatiboti katika huduma yake ya Messenger, na mwaka 2018 WhatsApp ilifungua huduma maalumu kwa wafanyabiashara. Nchini Kenya, ambako watu walikwisha kuzoea kufanya mambo ya fedha kwa simu tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, kampuni ya Safaricom ilizindua chatiboti yake iitwayo Zuri mwaka huohuo wa 2018, ili kuwasaidia wateja katika mambo ya kila siku ya akaunti zao.

Ni muhimu kuielewa tabia ya chatiboti za kipindi hicho. Aghalabu majibu yake yaliandikwa kabla na wafanyakazi wa kampuni. Mashine ilichagua tu jibu lililofaa kutoka katika orodha. Ilikuwa kama karani mpya aliyekaririshwa majibu hamsini: akiulizwa jambo la hamsini na moja, hunyamaza au hujibu kombo. Wateja walikasirika, lakini kasoro yenyewe ilikuwa ni ujinga, si uwongo. Kila sentensi iliyotoka katika mashine ilikuwa imepita mbele ya macho ya mtu.

Badiliko kubwa lilianza mwaka 2017, wataalamu wa Google walipochapisha muundo mpya wa programu za lugha uitwao transfoma. Programu za namna hii husomeshwa matini nyingi mno, kisha hujifunza kukisia kipande kipi cha neno kinaelekea kufuata vile vilivyotangulia. Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa ChatGPT kwa umma, na ghafla mashine ikaweza kutunga barua, kufupisha mkataba na kujibu swali ambalo hapana aliyelitazamia. Hii ndiyo njia panda ya historia yetu. Chatiboti ya zamani ilichagua maneno ya mtu. Chatiboti mpya hutunga maneno yake. Kuanzia hapo mteja aliweza kupewa ahadi kwa jina la kampuni, katika sentensi ambayo hapana mtu hata mmoja wa kampuni hiyo aliyekuwa ameisoma.

Manufaa

Haingekuwa haki kuyapita manufaa ya mashine hizi kimyakimya. Mwenye duka la vipuri asiyekuwa na fedha za kuajiri katibu aweza leo kuandika barua safi ya kuagiza bidhaa, kupata muhtasari wa masharti ya zabuni yenye kurasa mia, au kupanga orodha ya bei zake. Mteja anayeuliza usiku wa manane kama duka hufunguliwa Jumapili hupata jibu bila ya kumwamsha mtu.

Ushahidi wa kitaalamu upo pia. Mwaka 2023 Erik Brynjolfsson na wenzake wawili walitoa utafiti juu ya wahudumu zaidi ya 5,000 wa kampuni moja ya programu, ambao walipewa mashine ya kuwapendekezea majibu wanapozungumza na wateja. Kwa wastani, idadi ya matatizo waliyoyatatua kwa saa iliongezeka kwa asilimia 14. Kwa wale wageni wa kazi na wenye ujuzi mdogo, ongezeko lilikuwa asilimia 34, hali wale mahodari hawakufaidika sana. Sababu inaeleweka: mashine ilikuwa imejifunza maneno ya wahudumu mahodari na kuyapitisha kwa wageni. Lakini tusisahau jambo moja. Katika utafiti huo mashine ilipendekeza tu. Mhudumu ndiye aliyekubali au kukataa, na ndiye aliyesema na mteja.

Wengine walitaka kwenda mbali zaidi. Februari 2024 kampuni ya Klarna ya Sweden, inayokopesha wanunuzi, ilitangaza kwamba chatiboti yake ilikuwa imeshughulikia mazungumzo milioni 2.3 katika mwezi wa kwanza, sawa na kazi ya wahudumu 700. Mwaka 2025 mkuu wa kampuni hiyo alikiri kwamba kutanguliza gharama kuliko mengine yote kulishusha ubora wa huduma, na kampuni ikaanza tena kuajiri wahudumu ili mteja anayetaka kusema na mtu ampate. Wahenga wetu walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hasara, na kesi ya Kanada

Mfano ulio wazi kuliko yote watoka Kanada. Novemba 2022 abiria mmoja, aliyefiwa na bibi yake, aliingia katika tovuti ya shirika la ndege la Air Canada na kuiuliza chatiboti juu ya nauli nafuu wanayopewa wafiwa. Chatiboti ilimjibu kwamba aweza kusafiri kwanza, kisha aombe kurudishiwa sehemu ya nauli katika muda wa siku 90 tangu tiketi ilipotolewa. Akasafiri. Aliporudi na kudai, shirika lilimkatalia, likisema kwamba kanuni zake haziruhusu maombi baada ya safari, na kwamba kanuni hizo zilikuwa zimeelezwa katika ukurasa mwingine wa tovuti hiyohiyo.

Shauri lilifika mbele ya baraza la madai madogo la jimbo la British Columbia. Katika kujitetea, shirika lilidai kwamba haliwezi kulaumiwa kwa maelezo yaliyotolewa na chatiboti. Baraza likaona kwamba dai hilo ni sawa na kusema kwamba chatiboti ni kiumbe mbali katika sheria, kinachojibeba chenyewe. Tarehe 14 Februari 2024 baraza lililikataa dai hilo. Lilisema kwamba chatiboti ni sehemu ya tovuti ya shirika, na kwamba mteja hana sababu ya kujua kuwa ukurasa mmoja ni wa kuaminiwa na mwingine si wa kuaminiwa. Shirika likaamriwa kumlipa dola 650.88 za Kanada, pamoja na riba na gharama.

Fedha hizo ni kidogo kwa shirika la ndege. Lakini tazama kilichoamuliwa. Baada ya kompyuta, transfoma na mabilioni ya maneno, baraza lilifikia palepale walipokuwapo matajiri wa misafara: uliyemtuma akisema, umesema wewe.

Hitilafu nyingine zilizojulikana katika miaka hiyo ni za namna mbalimbali, na yafaa kuzitenganisha.

Kwanza, kuna uwongo usiokusudiwa. Mashine hukisia maneno yanayoelekea kufuatana; haijui kama yanayosemwa yapo. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani hati iliyotaja hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa, zote zikiwa zimebuniwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza mashine kama hukumu hizo ni za kweli, nayo ikamhakikishia. Juni 22 jaji aliwatoza pamoja na kampuni yao faini ya dola 5,000. Mji huohuo, Oktoba 2023, ulianzisha chatiboti ya kuwashauri wafanyabiashara wadogo. Machi 2024 waandishi wa habari walionyesha kwamba ilikuwa ikiwaambia waajiri kuwa wanaweza kuchukua bahashishi za wafanyakazi wao, na wenye maduka kuwa wanaweza kukataa fedha taslimu. Yote mawili ni kinyume cha sheria. Mfanyabiashara aliyefuata ushauri huo angeshtakiwa yeye, si mashine.

Pili, kuna kupumbazwa. Desemba 2023 mteja mmoja aliishawishi chatiboti ya muuza magari huko California ikubali kumwuzia gari jipya kwa dola moja. Gari halikutolewa. Januari 2024, chatiboti ya kampuni ya vifurushi ya DPD nchini Uingereza ilichochewa na mteja hata ikatukana na kutunga shairi la kuikashifu kampuni yake yenyewe, nayo kampuni ikaifunga sehemu hiyo ya huduma. Biashara haigombi, lakini mashine haikufundwa hayo na mama yeyote.

Tatu, kuna kuvuja kwa siri. Mwaka 2023 kampuni ya Samsung iliwakataza wafanyakazi wake kutumia programu hizi baada ya kugundua kwamba baadhi yao walikuwa wameiwekea ChatGPT maandishi ya siri ya kampuni. Kwetu Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika habari za watu azilinde, na inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika mambo yanayomgusa kisheria. Karani anayenakili majina na madeni ya wateja na kuyaweka katika chatiboti ya kigeni ili apate muhtasari wa haraka aweza kumtia mwajiri wake matatani pasipo kujua.

Nne, kuna gharama isiyoonekana. Januari 2023 jarida la Time lilieleza kwamba matini za kuchukiza zilizotumiwa kuifundisha mitambo ya OpenAI kutambua maneno maovu zilisomwa na kuainishwa na wafanyakazi wa Nairobi, kwa malipo ya kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Anayevutiwa na adabu ya mashine hizi na akumbuke ni nani aliyeyasoma yasiyosomeka.

Chatiboti na Kiswahili

Hapa ndipo idara za lugha zinapohitajika zaidi. Mashine hizi zimesomeshwa Kiingereza kwa wingi mno kuliko Kiswahili, na Kiswahili si Kiingereza kilichovishwa kanzu. Chukua neno hatutakurudishia. Katika neno hilo moja mna ukanushi, mtendaji, wakati, mtendewa, shina na viambishi vya kauli. Ondoa silabi ya kwanza tu, nalo linakuwa tutakurudishia. Katika kesi ya Kanada mgogoro wote ulikuwa juu ya kurudishiwa au kutorudishiwa nauli. Kwetu umbali kati ya mambo hayo mawili ni silabi moja. Vivyo hivyo tungekurudishia si tutakurudishia, wala kukodi si kukodisha, ingawa katika mazungumzo ya mitaani maneno haya mawili huchanganywa, na mashine iliyojifunza mitaani huyachanganya pia.

Fikiria pia habari ya saa. Mteja wa Kisumu akiandika kwamba mzigo uletwe saa mbili asubuhi, ana maana ya muda ambao Mwingereza huuhesabu kuwa ni saa nane. Mashine inayofasiri kwa kufuata tarakimu yaweza kukosea kwa saa sita kamili, na lori likafika wakati mpokeaji amekwisha kufunga duka. Makosa haya ni madogo mbele ya mtaalamu wa kompyuta, lakini si madogo mbele ya muuza samaki.

Kwa hiyo kampuni isiridhike na chatiboti iliyopimwa kwa Kiingereza kisha ikafasiriwa. Ipimwe na wasemaji wa Kiswahili, katika maswali ya fedha, tarehe, masharti na ukanushi, kabla haijakutana na mteja.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba tangu Eliza hadi leo nguvu ya chatiboti haikutokana na maarifa yake peke yake, bali pia na imani ya yule anayezungumza nayo. Imani hiyo ndiyo mtaji wa biashara, na mtu hawezi kuutumia mtaji pasipo kuwa tayari kuulipia.

Kutokana na historia hii twaweza kupendekeza mambo manne. Mashine ipewe kazi ya kuandaa, kupendekeza na kujibu yale yaliyokwisha kuandikwa. Isipewe idhini ya kuahidi fedha, bei au haki ambayo mtu hakuithibitisha. Mteja aambiwe wazi kwamba anazungumza na mashine, na apewe njia fupi ya kumfikia mtu. Mazungumzo yahifadhiwe, ili siku ya mgogoro pawe na hati. Na katika kila kampuni ajulikane mtu mmoja ambaye maneno ya mashine ni dhamana yake.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni halikai hewani. Hapana budi liwe na mdaiwa. Mashine haina mfuko wa kulipia, haina jina la kuchafuka, wala haina uso wa kuona haya mbele ya mtu iliyemdanganya. Basi inapoahidi, mdaiwa ni yule aliyeiweka mlangoni pa duka lake. Matajiri wa zamani walilijua hilo kabla ya kumpa wakala hata jora moja la nguo, na ndiyo maana walimchagua kwa makini.